Wanangu, Mnasugua Mno

Wanangu, ninyi mnaoosha magari ili mpate chakula, na ninyi wenye magari mnaosimama pembeni mikono kiunoni mkisema "sugua hapo, sugua tena", njooni mkae kivulini kidogo. Sina hasira. Hasira ya mambo haya iliniisha zamani, nchi ikiitwa bado Zaire, na kamiyo zilizokuwa zikishuka mtoni zilikuwa za aina nyingine kabisa. Kamiyo zile zimekwisha kufa, mashofere wake wengi tumewazika, hata mto wenyewe umebadilisha njia zake, lakini namna ya kuosha haijabadilika. Gari linaingizwa kwenye mito yetu hapa Uvira, Mulongwe au Kalimabenge, mpaka maji yafike kwenye ekseli. Vijana wanavua mashati. Omo inamwagwa juu ya vumbi kavu, mchanga wa mto unaokotwa kwa kiganja ili usaidie kazi, na kusugua kunaanza. Jua likigeuka, migongo inauma, gari linang'aa kwa sababu limelowa, na mwenye gari anatoa franga akiwa ameridhika. Likikauka, sura yake ni ile ile ya jana, pengine imefifia kidogo zaidi.

Ninalo neno moja tu, mengine yote ni matawi yake. Nguvu za kusugua ni deni. Kila mahali mkono unapolazimika kukaza, kuna jambo lililorukwa kabla: maji hayakupewa muda wa kufanya kazi yao, au paa liliachwa na uchafu wake, au nta haikupakwa wakati wake. Mkono ndio unaolipa. Mkono ukishindwa, rangi ya gari inalipa badala yake, na rangi haina pa kukopa.

Waangalieni mama zenu na sufuria ya bugali. Bugali ikishatolewa, hakuna mama anayeanza kukwangua ukoko palepale. Anamimina maji, anaiweka sufuria kando, anarudi kwenye sombe yake, anatwanga, anaongea na jirani, na akija kuiangalia ukoko umeachia wenyewe, anautoa kwa vidole viwili. Mtoto asiye na subira ndiye anayekwangua kwa kijiko, na sufuria yake mnaijua: imejaa mikwaruzo, na kila siku inashika ukoko kuliko jana, kwa sababu ile mikwaruzo ndiyo inayoushika. Rangi ya gari ina tabia hiyo hiyo. Iliyokwaruzwa hushika vumbi kuliko iliyo laini, kwa hiyo anayesugua kwa nguvu leo anajiandalia kusugua kwa nguvu zaidi wiki ijayo. Nimeona vijana hodari wakimaliza ujana wao katika mzunguko huo, na hakuna aliyewaambia kwamba waliuanzisha wenyewe.

Vumbi letu nalo si la kuchezea. Gari linalotoka Bukavu hushuka Ngomo likiwa limepakwa udongo mwekundu, linapita Kamanyola, kisha linafuata bonde la Ruzizi, Luvungi, Sange, Kiliba, likila vumbi la kiangazi kila magurudumu yanapotoka kwenye lami. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari, ngumu hata kuliko vanisi isiyo na rangi inayopakwa kiwandani ili kuilinda. Vanisi hiyo kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Ukilipitisha tambara kavu juu ya vumbi la Sange, hujafuta kitu: umeshika chembe hizo kwa mkono wako na kuichora nazo vanisi. Basi la Hiace au Coaster lililotoka Japani likiwa na rangi nzuri huja hapa, na baada ya misimu michache halina tena uso. Watu husema jua la Uvira ni kali. Ni kali kweli, lakini jua halichori mistari ya mviringo inayofuata mzunguko wa mkono wa kijana.

Nasema juu ya magari makubwa hasa, kwa sababu kwenye gari dogo ujinga huchosha saa moja, kwenye gari kubwa huchosha siku nzima. Na kwetu magari makubwa si ya safari tu. Shofere na konvwayeri, msaidizi wake, wanaokwama kwenye tope la kuelekea Baraka na Fizi hupika kando ya kamiyo, hulala chini yake au juu ya mizigo, hufua na kuanika nguo kwenye kamba zake. Ndiyo nyumba yao. Nyumba za magurudumu za kitajiri nazo zimewahi kuingia nchi hii: Mwitalia Attilio Gatti alikuja Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938 na matela mawili makubwa yaliyovutwa na malori ya International Harvester ya Marekani, yakiwa na vyumba, jiko na bafu ndani. Na matela ya namna hiyo, na basi la Coaster, na bodi ya kamiyo, yote yana shida moja. Ubavu wake ni ukuta. Ukuta ni mrefu kuliko mkono, na mtu aliyechoka husugua pale anapofika, akapaacha pale asipofika.

Basi tuanze na muda. Katika nchi nyingi mtu huambiwa aoshe gari asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Uvira si hivyo. Asubuhi jua letu linatoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Bujumbura, likitupiga usoni bila kizuizi, na maji ya ziwa yanaturudishia mwanga wake. Lakini Mungu ametupa milima ya Mitumba nyuma ya mgongo. Jua likianza kushuka alasiri linajificha nyuma ya milima hiyo mapema, muda mrefu kabla ya giza, na mji wote unaingia kivulini ungali na mwanga wa kutosha kufanya kazi. Hiyo ndiyo saa ya kuosha, na ndiyo saa ya kupaka nta. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye bati la gari. Ukihisi moto, ngoja. Sabuni inayokaukia kwenye bati la moto huacha madoa, na doa hilo utarudi kulisugua. Nta inayopakwa kwenye bati la moto hukauka kabla hujamaliza kuisambaza, nayo hung'ang'ania tambara kwa ukaidi. Nimeona watu wakipaka nta saa sita mchana kisha wakailaani nta.

Halafu paa. Hapa ndipo nacheka peke yangu, kwa upendo. Kijana anaosha ubavu wa basi mpaka unaweza kujitazama usoni, anaosha magurudumu, anaosha hata maandishi ya dua yaliyo kwenye kioo cha nyuma, na paa haligusi, kwa sababu paa halionekani. Mvua ya kwanza ikinyesha, vumbi la kiangazi kizima, kinyesi cha ndege, masizi ya mazutu (dizeli) na unga wa mihogo uliomwagika kwenye magunia hushuka wote pamoja kwa michirizi myeusi kwenye ubavu uliooshwa jana. Mwenye gari anapiga kelele kwamba hakuoshewa. Kijana anaapa kwamba aliosha. Wote wawili wanasema kweli.

Osha juu kwanza. Paa likiwa safi, nusu ya kazi ya ubavu imekwisha, kwa sababu michirizi haina itokako. Na paa si lazima lioshwe kila wiki: mara moja kwa mwezi linatosha, na mara moja zaidi kabla ya mvua. Usipande juu ya paa la Hiace la juu. Mengi ya mapaa hayo ni faiba, si bati, yanapinda chini ya mguu na kupasuka pembeni. Weka mapipa mawili na ubao mnene katikati, au ngazi iliyofungwa kitambaa kwenye ncha zake, na utumie brashi laini yenye mpini mrefu. Ukikipitisha kidole kwenye paa hilo la faiba ukaona unga mweupe kidoleni, huo si uchafu. Ni faiba yenyewe inayoliwa na jua. Kuusugua kwa omo kunauongeza. Unga huo unahitaji kuondolewa mara moja kwa polishi, taratibu, na kufunikwa kwa nta siku hiyo hiyo. Msichanganye vitu hivi viwili dukani: polishi ina chembe za kula uso uliokufa, nta hulinda uso uliobaki. Anayepaka polishi kila mwezi akidhani ni nta anaimaliza rangi yake kwa kuipenda.

Sasa maji. Pampu ya presha ni nzuri kwa mwenye umeme na mafuta ya jenereta, lakini wengi wetu hatuna, na haihitajiki. Nendeni mkawatazame wakulima wa mpunga bondeni. Wana bomba la kubeba mgongoni la kupulizia dawa, lita 16, linalopigwa kwa mkono. Nunua moja jipya, liandike jina lako kubwa ili asije mtu akalitia dawa ya wadudu, nalo litakuwa mtumishi wako kwa miaka. (La zamani lililokwisha kubeba dawa msilitumie kabisa, hata likioshwa namna gani, sumu ile itawarudia mikononi na usoni.) Lijaze maji na sabuni kidogo ya maji. Pulizia gari lote, ukianzia chini kwenda juu ili upande mkavu usipate michirizi, kisha ondoka. Kaa. Kunywa chai. Zungumza na mwenzako habari za mpira. Pale mbele ambako wadudu wa usiku wa bonde wamegandia, lazia tambara lililolowa na uliache hapo. Kabla sabuni haijakauka, pulizia maji matupu, safari hii ukianzia juu, na utaona vumbi likishuka lenyewe na kujaa kwenye changarawe. Hakuna mkono uliogusa gari bado, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Hapo ndipo sifongo linaingia. Chukua ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji ya kusuuzia sifongo. Kila likitoka kwenye gari lipite kwanza kwenye maji ya kusuuzia, ndipo lirudi kwenye sabuni. Vijana wengi wana ndoo moja, na baada ya dakika kumi ndoo hiyo ni uji wa mchanga wanaoupaka kwenye gari wakiuita maji ya sabuni. Fanya kipande kwa kipande, dirisha moja na bati lililo chini yake, suuza, endelea. Magurudumu na sehemu za chini ziwe za mwisho, na tambara lake liwe lake, lisiguse tena juu. Tambara likianguka chini, limeanguka. Usilipigepige kwenye goti ukaendelea nalo. Kwa kazi hii bidoni sita au nane za lita 20 zinalitosha basi la Coaster, na bidoni nane zinaweza kubebwa na mkokoteni mmoja mpaka uani kwako. Hakuna sababu ya basi kwenda kuyafuata maji mtoni.

Na hapo tumefika kwenye mto, ambako moyo wangu huuma kweli.

Kwanza mtajionea wenyewe kwenye gari. Gari limetoka Baraka au Bukavu, breki zimefanya kazi kwenye miteremko, hebu ya gurudumu ina joto, difa, lile kasha la gia kwenye ekseli, ina joto, mafuta ndani yake yamepanuka pamoja na hewa iliyomo. Unaliingiza kwenye maji ya mto yaliyotoka mlimani. Difa inapoa ghafla, hewa ndani yake inasinyaa, na inapotafuta hewa nyingine inakuta maji, inayavuta kupitia kitundu chake cha kupumulia na kwenye sili zilizochoka. Baada ya wiki fundi anafungua boliti na kutoa mafuta meupe, yaliyochanganyika na maji, na bearingi zimekwisha kuanza kutu. Ngoma ya breki iliyokuwa na moto hupata ufa. Mwenye gari hulia kwamba vipuri vya siku hizi havina maana. Hakuna anayekumbuka kuoshwa kwa Jumamosi ile, kwa sababu Jumamosi ile gari lilipendeza.

Pili ni sisi wengine. Mulongwe ndio mto ambamo mtambo wa REGIDESO, shirika la maji, unachota maji ya mji huu. Hapo chini ya mtambo, ambako mabomba hayafiki au hayatoi maji kwa siku kadhaa, watu wanachota mtoni na ziwani kwa bidoni, wanaoga, wanafua, wanaosha lenga-lenga za jioni. Kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni Uvira. Mnakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ulipotoka kwenye njia yake usiku, ukabeba nyumba na watu kwa makumi, ukaharibu na mabomba, na familia ngapi zilirudi kwenye ndoo na maji ya wazi. Tangu hapo ziwa nalo limepanda, limeingia kwenye nyumba za pwani, Kilomoni wanajua. Maji na watu sasa wamekaribiana sana. Grisi ya hebu, mazutu, mafuta ya injini yaliyovuja na omo ya gari moja ni kidogo, bandubandu tu, lakini hesabu magari ya Jumamosi moja, kisha hesabu Jumamosi.

Wengine huniambia ziwa ni kubwa, litameza. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, ni kubwa kweli. Lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, kule Kalemie, na huo hutoa kidogo. Maji mengi ya ziwa hili hutoka kwa kupaa, kwa jua, na jua huchukua maji peke yake. Uchafu hauchukui. Kwa hiyo kilichoingia kimeingia, kitawakuta wajukuu wa wajukuu. Nchi nne, yetu, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda ziwa huko Dar es Salaam mwaka 2003, na ni jambo jema, ila mkataba hauwezi kusimama kwenye kila kivuko cha mto na kumzuia konvwayeri. Konvwayeri ajizuie. Ndagala na mikebuka mnaowala jioni wanaishi humo.

Hata kwa mwenye kujali gari lake peke yake, maji ya ziwa si maji ya kusuuzia. Ruzizi hutuletea maji ya Kivu, maji yaliyopita kwenye mawe ya volkano, yenye chumvichumvi na madini, na jua huyapandisha maji na kuyaacha madini ziwani, mwaka baada ya mwaka. Tone la maji hayo likikaukia kwenye bati jeusi huacha pete nyeupe. Kioo cha mbele cha basi la pwani mnakijua, kina madoa yasiyotoka kwa tambara. Maji ya mwisho yawe ya mvua au ya bomba, na msiliache gari likauke lenyewe. Kipande cha mpira laini kilichofungwa kwenye kijiti kitavuta maji yote ubavuni kwa mivuto michache, kisha kitambaa laini kimalize. Mtu anayekausha gari lake husugua nusu ya anayeliacha lijikaushe.

Sasa nta, ambayo ndiyo inayolipa deni lote. Kuna hadithi ya ziwa hili hili inayonifundisha juu ya nta na mafuta kuliko kitabu chochote. Mwaka 1916 Wajerumani wa Kigoma, walipoona Wabelgiji na Waingereza wanawakaribia, waliizamisha meli yao wenyewe, Graf von Götzen. Lakini mafundi, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na wazee wa pwani hii, upande wetu na upande wa Burundi, wamesafiri nayo. Waliokuwa na haraka, vita mlangoni, walipata muda wa kupaka. Ninyi mna Jumamosi nzima.

Nta kwenye rangi hufanya kazi hiyo hiyo kwa wembamba. Vumbi hukaa juu ya nta, haligusi rangi, kwa hiyo huondoka kwa maji bila mkono mzito. Matone ya mvua hujikusanya na kuteleza. Tope la Fizi hutoka kwa bomba la mgongoni. Hilo ndilo lenye kuokoa nguvu: unapaka saa mbili ili uokoe masaa ya wiki nyingi. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mtende wa Brazili, huyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 80, ndiyo maana inavumilia paa la gari kwenye jua letu. Nta ya nyuki ya nyumbani huyeyuka kati ya nyuzi 60 na 65, na paa la bati jeusi linaweza kufika hapo mchana. Itakuwa laini, itashika vumbi, na utarudi palepale. Ni njema kwa mbao na kwa viatu. Nta za kisasa za kemikali hudumu zaidi ya karnauba, miezi kadhaa, nazo ni rahisi kupaka. Zipo hata za maji, unazipulizia gari likiwa bado limelowa na kufuta, kazi ndogo kabisa, ila hazidumu muda mrefu.

Kinachonisikitisha ni yale mnayoyapaka badala ya nta. Mazutu. Petroli. Mawese, kwenye bampa na matairi, ili gari ling'ae harusini. Nami naelewa, harusi ni harusi, na bwana harusi hataki kushuka kwenye gari lililopauka. Lakini huko ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mazutu hung'aa siku moja, kesho yake imelishika vumbi lote la barabara ya Kavimvira, na kesho kutwa inaanza kula mpira wa milango na madirisha. Kisha lazima isuguliwe itoke, kwa omo nyingi, na omo inaondoa hata nta iliyokuwa imebaki. Omo ni ya nguo. Imetengenezwa kuondoa mafuta, haichagui mafuta ya uchafu na nta ya ulinzi. Sabuni ya maji kidogo, ile ya vyombo, ni afadhali, na shampuu ya gari ni bora zaidi kwa anayeipata Bujumbura au Bukavu.

Kuna mtu ataniambia, na huniambia kila mara: "Muzee, kesho gari itachafuka tena, nitapoteza nguvu ya nini?" Swali zuri. Gari linalokaa gereji halihitaji nta sana. Litakalochafuka kesho ndilo linaloihitaji, kwa sababu ndilo litakalooshwa tena. Na hakuna aliyesema gari lote lipakwe siku moja. Basi kubwa lina pande nne na paa. Jumamosi hii paka ubavu wa kulia, ule unaopigwa na jua la asubuhi mahali unapoliegesha, au wowote ulio na jua zaidi. Jumamosi ijayo ule mwingine. Kisha mbele na nyuma, kisha paa. Mwezi ukiisha umelizunguka gari zima bila kuvunjika mgongo, na mwezi wa tatu au wa nne unaanza upya. Paka nyembamba. Kiasi cha kidole kwenye kitambaa kinatosha mlango. Nta nene haikingi zaidi, hukauka vibaya na hukuchosha kuifuta. Ngoja ipauke, jaribu kwa kidole: ikitoka safi bila kuvuta, ifute.

Na bei? Najua jibu lenu, kwamba kopo la nta ni ghali na omo ni rahisi. Wahenga wa sokoni walisema rahisi inavunja upishi. Muulizeni mwenye basi aliyepaka rangi upya gharama yake ilikuwa nini, na siku ngapi gari lilisimama bila kuingiza hata franga moja, na shofere alimletea nini mwenye gari jioni za siku hizo. Lakini sitaki kuwaambia wenye mifuko mitupu waende dukani. Ninyi mnajua likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. Mama zenu wamejenga nyumba kwa likelemba, wamelipia shule, wamezika wazee. Vijana watano wa kuosha magari, kila mmoja akitoa kidogo kila Jumamosi, watanunua kopo moja la nta nzuri, bomba moja la mgongoni na vitambaa vya kutosha, na vyote vitazunguka. Kopo moja, likipakwa kwa wembamba niliousema, linatosha magari kadhaa makubwa. Zamu za kwanza ziende kwa mabasi yanayolala nje bila paa, hasa yenye paa la faiba, na yaishe kabla ya katikati ya Septemba, kabla mvua haijashika. Yale yanayolala chini ya maembe au ndani ya ua yanaweza kungoja Oktoba. Na aliye juu ya ngazi akipaka paa atazame pia mpira wa pembeni na maungio ya bati, pale penye ufa mdogo, apazibe siku hiyo hiyo akiwa bado na mwanga wa alasiri.